Mzee yuko ICU, bakteria wamekuwa sugu: ulizeni chanzo kwanza

Mkuu, pole sana kwa kuuguliwa na mzee. Umeuliza kama bakteria sugu maana yake ndiyo basi tena, na kama mumkimbize Dar. Nimekuwa nesi wa wagonjwa mahututi hapa Mwanza kwa miaka mingi, nakujibu kwa niliyoyaona.

Siyo ndiyo basi. Ombeni muoneshwe majibu ya kuotesha, yaani bakteria wake walikuzwa maabara wakajaribiwa na dawa. Kila dawa iliyojaribiwa ina herufi: S bado inaua, R imegoma. Hata meropenemu, antibayotiki kali ya mshipani, ikiwa R, huenda ikabaki kolistini, dawa iliyogunduliwa miaka ya 1940, ikaja kuwekwa kando kwa kuwa inaumiza figo, sasa imerudi kwa kukosa mbadala. Ndiyo maana anayepewa kolistini hutolewa damu mara kwa mara kupima kreatinini, kipimo cha figo.

Lakini kuna jambo ambalo ndugu hawaulizi, na kwangu ni kubwa kuliko jina la dawa: wadudu wamejificha wapi? Usaha tumboni usipotolewa, mpira wa mkojo au mrija wa shingoni wenye maambukizi usipoondolewa, mtanunua dawa ya bei mbaya na homa isishuke. Tuliletewa mgonjwa kutoka Ukerewe, utumbo umetoboka, ameshachomwa antibayotiki ya seftriaksoni zahanati hadi zahanati. Nafuu ilianza aliporudishwa chumba cha upasuaji akasafishwa tumbo. Antibayotiki ilikuwa ileile.

Tena, bakteria wakiota kwenye makohozi ya mtu aliye kwenye mashine ya kupumulia, si lazima ndio wanaomuumiza. Wengine ni wapangaji tu wa mpira wa kupumulia. Daktari akisema haoni sababu ya kuwatibu, msimshinikize aandike dawa kali zaidi. Na mkiona dripu ya meropenemu inakwenda taratibu hata kwa muda wa masaa matatu, msiombe iharakishwe; kwa bakteria sugu huwekwa hivyo makusudi, ikae muda mrefu kwenye damu.

Dar? Kama presha yake inashikiliwa na dawa, safari yenyewe inaweza kummaliza. Daktari awaambie kwanza huko kuna tiba gani ambayo hapa haipo.

Mkiingia kumwona, osheni mikono kabla na baada. Acinetobacter, mmoja wa bakteria sugu wa ICU, anaweza kukaa kwenye reli ya kitanda kwa wiki kadhaa, na kitanda cha pili kina mgonjwa wa mtu.

Ukipata majibu yaweke hapa tuyasome pamoja, ila funika jina la mzee na namba ya faili.