Kamera za duka zimekuwa giza

SWALI: Shikamoo fundi. Nina duka la vifaa vya ujenzi Kihonda, Morogoro. Miaka mitatu nimekuwa nikiangalia kamera za duka kwenye simu hata nikiwa safarini. Mwezi uliopita kampuni ya intaneti ilituma ujumbe kwamba "inaboresha huduma". Tangu hapo, nikiwa dukani kamera naziona. Nikitoka tu, giza. Nimenunua ruta mpya, wapi! Tena kila tovuti inaniuliza kama mimi ni roboti, nichague picha za pikipiki. Nimekosea nini?

JIBU: Marahaba. Hujakosea, na ruta ya zamani usiitupe, haina kosa. Inavyoonekana, kampuni imekuondolea anwani yako ya IP, yaani namba inayotambulisha duka lako mtandaoni, ikakuchanganya na wateja wengine kwenye anwani moja.

Utotoni barua zetu zilipitia S.L.P. ya shule aliyofundisha baba. Ukiandika, barua inakwenda. Jibu likija na jina lako, mwalimu mkuu anajua ampe nani. Bahasha isiyo na jina ilikaa mezani kwake mpaka ikaliwa na panya. Simu yako ikiwa nje inatuma bahasha ya namna hiyo: mtambo wa kampuni haujui ni ya mteja yupi, unaitupa. Na mmoja wenu akifanya vurugu mtandaoni, tovuti zinawashuku nyote. Ndizo hizo pikipiki.

Anwani za IPv4, yaani za mfumo wa zamani wa IP, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Ghala kuu lilikauka Februari 2011, na AFRINIC ya Mauritius, inayozigawa Afrika, iliingia awamu ya mwisho ya mgao Januari 2020. Uhaba ni wa kweli, ila kuuita "kuboresha" ni kumfanya mteja mtoto.

Hakikisha hivi: fungua ukurasa wa mipangilio ya ruta, tazama anwani ya upande wa nje. Ikianza na 100, kisha namba kati ya 64 na 127, umo kwenye anwani ya kuchangia. Fungu hilo lilitengwa 2012 kwa kazi hiyohiyo.

Unaweza kuiomba kampuni anwani ya peke yako, lakini mara nyingi huilipia kila mwezi. Kabla ya kutoa hela, angalia kama mashine ya kurekodi picha za kamera ina kibandiko cha msimbo wa QR kwa ajili ya programu ya simu. Kwa njia hiyo mashine yenyewe ndiyo inayotangulia kutuma barua nje, ikiwa na jina lake. Badilisha kwanza nywila aliyoiacha fundi, kisha zima Wi-Fi ya simu na ujaribu ukiwa barabarani.