Barua kwa mwanangu Faraji: kuhusu jina la babu yako

Mwanangu Faraji,

Ujumbe wako nimeupata, na salamu za mkeo zimenifikia. Mmeniletea majina matatu, Rayan, Zayn na Ethan, mnataka niwaambie asili ya kila moja na lipi lina maana nzuri zaidi kwa mtoto wa kiume. Halafu mwisho kabisa ukachomeka kwamba umesoma mahali kuwa Mashaka, jina la babu yako, maana yake ni wasiwasi, kwa hiyo hilo mmeshaliondoa.

Nianze na ulichouliza. Rayan ni la Kiarabu, na ndilo jina la mlango wa peponi watakaoingilia waliofunga saumu. Zayn ni pambo, uzuri. Ndiyo Zayn ile ile iliyomo ndani ya Zainul Abidin, pambo la wenye kuabudu. Ethan ni la Kiebrania, mtu imara, asiyeyumba. Yote mazuri. Hapo nimeshakujibu.

Sasa tuje kwa Mashaka. Ulichokisoma ni nusu tu. Shaka ya wasiwasi ipo, lakini mashaka ya wazee wetu ni taabu, ni dhiki, na Kiarabu chake ni mashaqqa. Ni maneno mawili mbalimbali yaliyokutana midomoni mwetu. Babu yako hakuitwa Wasiwasi. Alizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge kule Muheza, baba yake akiwa manamba. Na hilo neno manamba umewahi kujiuliza limetoka wapi? Mtu anatoka kwao mbali, akifika shambani anapewa namba na kipande, ile kadi ya kuhesabia siku alizofanya kazi, mpaka zitimie thelathini ndipo alipwe. Nyapara akimtaka anaita namba. Basi mtu wa namna hiyo kazaa watoto watatu na kawazika wote, wa nne akatoka mzima, analia. Akamwita kwa kile walichokipitia. Ndiyo maana siku zote nawaambia: jina si maana yake, jina ni nani alikuita kwanza na macho yake yalikuwa yameona nini.

Na si sisi peke yetu. Wale Wajaluo tuliokuwa nao sokoni, Otieno kazaliwa usiku, Okoth kazaliwa mvua inanyesha, basi. Huku kwetu aliyezaliwa Ijumaa ni Juma, wa Alhamisi ni Hamisi, wa mwezi wa kufunga ni Ramadhani, na wa Mfunguo Tatu, watu wako Makka, ni Haji. Hakuna aliyekaa akatafuta sifa ya kumvika mtoto.

Akika yako, ile siku ya kunyolewa na kupewa jina, ilikuwa mwaka 1991, na kuna jambo lake sijapata kukusimulia sawasawa. Ulipozaliwa nilimtumia babu yako salamu kwa kondakta wa basi: mwambie baba mjukuu ni somo yake. Siku ya sita usiku akaingia juu ya lori la mkaa na mabeberu wawili, kawafunga kwa kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe. Asubuhi akavaa ile kanzu yake nyeupe, kaipiga pasi mpaka mikono ina mistari. Akakaa kwenye mkeka karibu na mlango, hasemi, lakini namjua baba yangu, alikuwa na furaha ya mtoto.

Maalimu alipouliza jina, kabla marehemu baba yako hajafungua mdomo, shangazi yako mkubwa akasema: "Mashaka hapana. Hatuwezi kuyaita mashaka yakaingia ndani."

Pakawa kimya. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nimekupakata, kinywa nimekifunga. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, niko kwenye nyumba ya watu, lakini mdomo nilikuwa nao. Nikachungulia. Babu yako alikuwa ameishika ile kamba ya mbuzi, anaizungusha kwenye kidole, anaifungua, anaizungusha tena. Kisha akasema taratibu, "Basi mwiteni Faraji. Baada ya dhiki faraja." Watu wakasema mashallah, wembe ukaendelea kichwani mwako. Pilau alikula matonge mawili. Alasiri akaaga, akasema ana mihogo yake ya kuangalia. Mwaka ule babu yako hakulima mihogo.

Simlaumu shangazi yako. Hapana, namlaumu, lakini namwelewa. Alikuwa amezika wawili, na aliyezika huogopa hata upepo. Tena dini iko upande wake. Kwenye Sahihi Bukhari imo habari ya mtu aliyeitwa Hazn, yaani ugumu, ardhi ya mawe. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia wewe ni Sahl, yaani wepesi. Akajibu: sibadilishi jina alilonipa baba yangu. Baadaye mjukuu wake, Said bin Musayyab, akasema ule ugumu haujawatoka mpaka leo. Kila nikikumbuka habari hiyo nasema shangazi alikuwa na haki. Halafu namkumbuka baba na ile kanzu, nasema hapana, Mashaka alisomesha watoto sita kwa mgongo wake, hakupata kumpigia mtu kelele, dhiki gani aliyoileta kwenye nyumba ya mtu? Jina ni nani alikuita kwanza. Na wewe aliyekuita kwanza ni yeye, na alikutoa ndani ya jina lake mwenyewe, maana faraja haiji ila kuna mashaka mbele yake. Hilo nimelielewa tumeshamzika.

Kwa hiyo usiniulize lipi. Mtoto ni wenu, na mkwe wangu naye ana wazee wake wa kuwakumbuka. Nimeapa sitafanya kwenye akika yake kile nilichofanyiwa kwenye yako. Zayn linapendeza, hata kulitamka ni jepesi. Ila ulipoandika "tumeliondoa", nilikaa na simu mkononi mpaka magharibi ikaadhiniwa. Nimekwambia, basi, sirudii.

Mbuzi nimeshawaona Pongwe, mabeberu wawili, mmoja ana baka jeupe usoni. Mwenye mbuzi nimempa kitangulizi. Kamba sitanunua, ile ya babu yako ninayo stoo, nimeitoa juani jana na bado ina nguvu.

Mama yako