Wakili wa Peke Yako Dar: Nani Wa Kumlipa Kwanza

Mawakili wapya wakishaapishwa na Jaji Mkuu, simu yangu huanza kuita. Wanaopiga ni wadogo zangu waliotoka Shule ya Sheria, na wengine ni watu wazima waliochoka kutumwa na ofisi kubwa na sasa wanataka kuanza zao. Swali huwa lilelile: "Dada, chumba mjini kinakwenda shilingi ngapi?" Huwajibu kwamba chumba kisubiri. Ukiwa wakili wa peke yako Dar es Salaam, kinachokumaliza ni asubuhi zaidi ya kodi ya pango. Shauri moja linatajwa Temeke saa tatu, lingine Kisutu saa tatu na nusu, la tatu liko mbele ya Naibu Msajili Kivukoni, na mteja anayelipa vizuri kuliko wote ameamua leo ndiyo siku ya kuja ofisini bila kupiga simu.

Kwa hiyo pesa yako ya kwanza iende kwa watu watakaokurudishia hizo asubuhi, kisha kwa mhasibu. Kwenye chumba nitakwambia mawili tu na tuachane nacho. Kupanga pamoja na mawakili wengine, mkachangia ukumbi wa mapokezi, printa na umeme, kunatosha kabisa kwa kuanzia, hata kikiwa Sinza au Mwenge badala ya Samora. Ila kiwe na mlango unaofungika na kabati lenye kufuli lako mwenyewe, maana siri ya mteja haichangiwi kama bili ya LUKU.

Sasa tuje kwenye asubuhi. Huduma muhimu kuliko zote kwa wakili wa peke yake haiuzwi dukani, nayo ni mawakili wenzako wanaoweza kukushikia brifu, yaani kusimama mahakamani kwa niaba yako. Watafute kwa ramani. Mashauri ya ndoa na mirathi yatakupeleka Temeke kwenye kituo jumuishi. Ya kazi yatakupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, halafu Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu. Ya ardhi yana mabaraza yake na divisheni yake. Mahakama Kuu iko Kivukoni, ambako angalau mwendokasi unakushusha jirani. Pata mtu mmoja unayemwamini ambaye shughuli zake za kila wiki ziko Temeke, mwingine wa Kinondoni, mwingine wa mjini. Wewe nawe uwe mtu wao kwa upande wako wa jiji. Siku hizi mashauri kadhaa husikilizwa kwa mahakama mtandao na foleni imepungua kidogo, lakini usipange maisha yako kwa kutegemea hilo.

Wengi hufanya jambo hili kienyeji mno. Saa mbili na nusu asubuhi mtu anaandika kwenye kundi la WhatsApp, "Wasomi, nani yuko Kisutu anishikie?" Anapatikana mtu asiyejua hata majina ya wadaawa. Mimi niliwahi kushikiwa hivyo na wakili mmoja ambaye, kwa nia njema tu, alikubali tusikilizwe kwa mawasilisho ya maandishi na sisi tuwasilishe ndani ya siku saba, wakati shahidi wangu mkuu alikuwa bado hajarudi nchini. Tangu hapo nina utaratibu. Jioni ya siku iliyotangulia namtumia mwenzangu ujumbe wenye namba ya shauri, jina la hakimu au jaji, lililotokea mara ya mwisho, tunachoomba leo, tarehe nisizoweza, na mambo ambayo hana ruhusa ya kuyakubali. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Kabla ya chakula cha mchana naye ananirudishia amri ya mahakama kama ilivyotolewa, si "imeahirishwa, dada" halafu kimya.

Brifu ya kutajwa, yaani ya kupangiwa tarehe au hatua inayofuata tu, tunashikiana bure, kwa kupokezana. Ya kusikilizwa inalipwa, na kiasi kinakubaliwa kabla. Nauli ni lazima hata kama ni rafiki yako wa chumba kimoja Mlimani. Urafiki mwingi wa mawakili umevunjika kwa elfu kumi ya bodaboda. Mteja naye ajue kwamba siku hiyo atamkuta mtu mwingine. Na kama humfahamu vizuri huyo wakili, angalia kwanza kwenye e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa mawakili, kama leseni yake iko hai. Ni jambo la dakika moja na halimvunjii mtu heshima.

Baada ya hao, karani. Kuna vijana wanaosema karani wa wakili amekufa tangu mashauri yaanze kufunguliwa kwa mfumo wa kielektroniki. Sikubaliani nao. Ni kweli kwamba kusimama dirishani masjala na mafaili kwapani kumepungua sana, lakini bado kuna hati za kumpelekea upande wa pili na kurudi na uthibitisho wa kupokelewa, kuna nakala za hukumu na mienendo zilizothibitishwa za kufuatilia, kuna upekuzi wa umiliki wa viwanja. Kijana mwaminifu anayezijua ofisi hizo na anayejua kuongea na watu bila kugombana atakuokolea siku nzima katika kila wiki. Huna haja ya kumwajiri peke yako. Mawakili watatu wanaweza kumchangia, kila mmoja na siku zake, kwa mkataba wa karatasi moja unaosema analipwa nini na anatunza siri za nani.

Lakini kuna vitu vitatu asivishike kamwe: mhuri wako, nywila yako ya mfumo wa mahakama, na fedha ya mteja. Vishoka wa mjini, yaani mawakili feki, hawazaliwi vishoka. Wengi walianza kama vijana wazuri wa ofisi ambao bosi wao aliwaachia mhuri ili wagongee viapo yeye akiwa mahakamani. Siku hati hiyo itakapobishaniwa, atakayeitwa kueleza alimwonaje muapaji ni wewe. Usimlipe pia kwa kuhesabu wateja anaokuletea. Kugawana ada na mtu asiye wakili ni kosa la kimaadili, na likifika kwenye Kamati ya Mawakili hakuna atakayekuuliza huyo kijana alikuwa na njaa kiasi gani.

Katika hilohilo la muda, tafuta mtu wa pili wa kuitazama kalenda yako. Ofisi kubwa ina watu wengi wa kukumbushana. Wewe uko peke yako, na siku za kisheria hazijui kwamba ulikuwa na homa. Utetezi wa madai, siku 21 tangu kupokea wito. Notisi ya kukata rufaa Mahakama ya Rufani, siku 30 tangu uamuzi, kisha siku 60 za kuwasilisha rufaa yenyewe. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kwenda Tume, na tuzo ya Tume ikitoka kuna wiki sita za kuomba mapitio Mahakama Kuu. Mimi na mwenzangu mmoja tuna kalenda ya pamoja kwenye simu. Haonyeshwi jina la mteja wala kiini cha shauri, anaona tu "mwisho wa kuwasilisha" na tarehe. Zikibaki siku tano ananipigia, nami nampigia zake. Hatulipani.

Na usizoee usiku wa manane. Kanuni za ufunguaji wa mashauri kwa njia ya kielektroniki za mwaka 2018 zinakuruhusu kuwasilisha hadi kabla ya saa sita usiku, lakini mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba shauri huhesabiwa kufunguliwa pale ada inapolipwa. Ukituma saa tano usiku, kontrol namba ikachelewa na benki ikagoma, utakuwa na hoja nzuri sana ya kuandikia maombi ya kuongezewa muda.

Mhasibu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona mawakili hodari, wanaoshinda kesi, wakifunga ofisi kwa ajili ya kodi. Sheria ya VAT ya mwaka 2014 inamtaka mtoa huduma za kitaalamu asajiliwe bila kujali mauzo yake ni kiasi gani. Wale wenzetu wa maduka wanasubiri wafike kiwango fulani, wewe husubiri. Maana yake una ritani ya kupeleka TRA kila mwezi ifikapo tarehe 20, hata kama mwezi huo hukuingiza kitu. Una mashine ya risiti ya EFD. Una kodi ya mapato ya kulipa kwa makadirio kila robo mwaka.

Tuchukue ankara moja. Umeiandikia kampuni ada ya shilingi 1,000,000. Unaongeza VAT ya asilimia 18, inakuwa 1,180,000. Kampuni inakata kodi ya zuio asilimia 5 ya ada, yaani 50,000, na kukuwekea 1,130,000. Wakili mgeni anaona milioni moja na ushee, anafurahi, analipa ada ya shule ya watoto. Lakini 180,000 ya humo ni ya serikali, uliishika tu. Na ile 50,000 iliyokatwa ni yako, inapungua kwenye kodi yako ya mwaka, alimradi uwe na cheti cha zuio. Kampuni nyingi hazikupi cheti mpaka uombe. Mhasibu mzuri anaviomba vyeti hivyo kwa niaba yako bila kuona haya, na kwangu mimi peke yake hiyo inalipa gharama yake.

Mhasibu wa nje anayekuja mara moja au mbili kwa mwezi anatosha. Mchague anayehudumia wataalamu, si wenye maduka, kwa kuwa lazima aelewe kwamba ada ya mahakama uliyomlipia mteja si mapato yako, na kwamba fedha ya mteja hukaa akaunti ya wateja, haichanganyiki na ya ofisi hata kwa wikiendi moja. Mkabidhi risiti kila Ijumaa. Usimkabidhi saini.

Kwenye utafiti wa sheria usilipie kitu mapema. Tovuti ya TanzLII ni bure na ina maamuzi ya Mahakama ya Rufani na ya Mahakama Kuu. Cha kuangalia sasa ni namba za vifungu: Toleo la Urekebu la sheria zetu la mwaka 2023 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na violezo vya hati ulivyorithi kutoka ofisi ya zamani vingi vimepitwa. Ukielemewa, mlipe kijana anayesubiri kuapishwa akufanyie utafiti kwa kazi, na kila uamuzi anaokutajia ufungue mwenyewe usome. Zana za akili mnemba nazo nazitumia, kwa kupanga hoja na kufupisha mawasilisho marefu. Kutafuta kesi, hapana. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kupeleka kesi zilizotungwa na kompyuta, na sioni kwa nini majaji wetu wawe wapole zaidi.

Mtu wa kompyuta utamhitaji pia, walau wa kukuwekea nakala rudufu ya mafaili nje ya ofisi. Mkataba wake useme wazi kuhusu siri, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhesabu wewe kuwa mwenye dhamana ya taarifa za wateja, si yeye. Wa kukutangaza mitandaoni mimi sina na simtafuti. Kanuni zetu za maadili zina mipaka ya kujitangaza, na kijana wa matangazo haijui mipaka hiyo.

Kuna mpango ambao mawakili wa peke yao huukwepa kwa kuona ni kujichulia: ukilazwa Muhimbili mwezi mzima, nani anafungua kabati? Nimeshuhudia mjane wa mwenzetu akizungukwa na wateja waliotaka hati zao za viwanja, naye hajui hata ufunguo uko wapi. Andika barua mbili. Moja impe wakili mmoja uliyemchagua ruhusa ya kuingia ofisini, kuwajulisha wateja na kuomba maahirisho. Nyingine akae nayo mwenza wako au ndugu yako, yenye jina la wakili huyo. Kwenye mkataba wa kila mteja weka sentensi inayotaja utaratibu huo ili akubali mapema. Orodha ya hati halisi za wateja ulizonazo iwe ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa sababu ndizo zitakazogombewa kwanza.

Wengi huniuliza pia lini waajiri katibu muhtasi. Mimi nasema baada ya haya yote, na baada ya kupita walau likizo moja ya mahakama, ile ya kuanzia katikati ya Desemba hadi mwisho wa Januari, ukiwa bado unalipa bili zako. Mshahara sio gharama pekee. Kuna NSSF, asilimia 20 kwa jumla, ambayo kwa kawaida mnagawana nusu kwa nusu. Kuna asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Na akizidi shilingi 270,000 kwa mwezi kuna PAYE, kodi ya mshahara, ya kupeleka ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Kabla hujafika huko, stesheneri ya jirani itakuchapia, ilimradi usiwaachie flashi yako ukaenda kula.