Jibu: Baiskeli Mwanza bila malori

Salama mkuu? Unataka njia ya changarawe kando ya ziwa, yenye historia, maana barabara ya Musoma imekuchosha kwa malori. Vuka maji uende kisiwa cha Ukerewe. Panda meli ya Nansio, mji mkuu wa kisiwa hicho, hapo hapo Mwanza mjini, ila ulizia gharama ya baiskeli kabla hujakata tiketi.

Kwanza angalia tairi. Nyembamba za lami zitakutesa, kwani penye mchanga gurudumu la mbele linazama na usukani unajipinda wenyewe. Weka pana, punguza upepo kidogo, beba viraka na gundi. Mbigili hazina huruma. Cheni ifute vumbi kwanza ndipo utie oili, la sivyo unajisagia chuma.

Toka Nansio asubuhi uelekee Bukindo, lilipo jumba la Chifu Lukumbuzya, mtawala wa zamani wa Wakerewe. Magari ni ya kuhesabu, lakini bodaboda zipo, tena zinakata kona katikati ya njia. Ukikuta dagaa wameanikwa, shuka usukume, usiwarushie watu vumbi kwenye kitoweo.

Kama bado unataka bara, nenda kijiji cha Kageye, alikopiga kambi mpelelezi Henry Morton Stanley mwaka 1875. Mimi ningeanza na Ukerewe.