Kabla hujatia nia: kwa binti anayeanza mafunzo ya uongozi Dar

Siku ya kwanza ya mafunzo utaulizwa unataka kuwa nani, na karibu ukumbi mzima utajibu: mbunge. Wawili watatu watasema rais, na tangu Samia Suluhu Hassan aapishwe 19 Machi 2021 hakuna anayecheka tena. Udiwani hutajwa kwa kunong'ona. Ujumbe wa kamati ya mtaa hautajwi kabisa. Nimehudhuria semina hizi miaka mingi, mwanzo kama mshiriki, siku hizi nikiwa upande wa bango kitita kama mwezeshaji, na majibu ni yale yale. Mdogo wangu, kabla hujajifunza kuhutubia, jua nani hasa atakayekupigia kura.

Katiba yetu inataka mgombea ubunge awe raia aliyetimiza miaka 21, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na aliyependekezwa na chama cha siasa. Mgombea binafsi hatunaye. Maana yake mlango wa kwanza uko ndani ya chama, kwenye kura za maoni za kupendekeza mgombea, ambako anayeamua ni mjumbe wa kata anayekujua au asiyekujua. Baada ya kura za maoni za CCM mwaka 2020 mtaani palizuka msemo kwamba wajumbe si watu. Tulicheka sana, ila walioutumia kulalamika ni wale waliofahamiana na wajumbe wiki mbili kabla ya kura.

Viti maalum navyo vina kanuni zake, na hapa ndipo washiriki wengi wanapopotea. Ibara ya 66 ya Katiba inataka wabunge wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine. Baada ya uchaguzi wa 2020 walikuwa 113. Vyama hugawana viti hivyo kwa uwiano wa kura za ubunge, na chama kisichofikisha asilimia 5 hakipati kitu. Mwananchi wa Tandale hakuchagui wewe kwa jina. Jina lako linatoka kwenye orodha ya chama, na njia ya kuifikia orodha hupita kwenye jumuiya ya wanawake: UWT kwa CCM, BAWACHA kwa CHADEMA. Mama wa tawi anayeuza maandazi asubuhi ana sauti kuliko wafuasi wako wote wa Instagram. Kama hujawahi kukaa naye kwenye mkeka, cheti cha semina hakitakusaidia.

Kwa hiyo anza mtaani. Kwenye kamati ya mtaa kuna nafasi zilizotengwa kwa ajili ya wanawake, mbali na zile za mchanganyiko zinazogombewa na wanawake na wanaume. Uchaguzi wa mwisho ulifanyika 27 Novemba 2024 na kwa utaratibu wa miaka mitano unaofuata ni 2029, muda wa kutosha kujulikana. Jifunze kwanza nani ni nani: mwenyekiti wa mtaa amechaguliwa, mtendaji wa mtaa ameajiriwa. Nimekutana na wahitimu wa shahada wanaomdai mwenyekiti mambo ya mtendaji. Mwenyekiti wa mtaa huingia kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, inayoongozwa na diwani, na huko ndiko kero ya mfereji wenu inakoanzia safari kwenda halmashauri.

Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda. Vikao viwili vya mwanzo sikiliza tu. Baadaye simama uulize jambo moja linalojibika: "Mwenyekiti, naomba tusomewe mapato na matumizi ya miezi mitatu iliyopita, hasa fedha za taka." Usihutubie, uliza na ukae. Wakikuzomea, kaa vile vile. Kikao kijacho uliza tena jambo lile lile kwa heshima ile ile. Watu wa Dar wanamkumbuka anayerudi.

Kuna na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Serikali iliisimamisha 2023, ikarejea 2024 kwa utaratibu mpya. Binti aliyekaa na kikoba cha mama zake Mbagala akawasaidia kuandaa katiba ya kikundi na kujaza maombi anajulikana nyumba kwa nyumba. Hili si jipya. Bibi Titi Mohamed mwaka 1955 aliwaingiza wanawake wa jiji hili TANU kupitia vikundi vya ngoma vya lelemama vilivyokuwepo tayari. Hakusubiri kuunda kikundi kipya chenye nembo.

Kiswahili cha semina kiache ukumbini. Ukisema "uwezeshaji jumuishi wa kiuchumi" pale Manzese watu wanaangalia simu. Ukisema bei ya ndoo ya maji wanageuka. Jizoeze dakika tatu, bila karatasi, kwenye kichenpati, kwenye kikoba. Msibani usijizoeze, msibani osha vyombo.

Sasa fedha. Posho ya semina ni nauli, usiifanye kazi. Wapo wenzetu wanaohama ukumbi hadi ukumbi wakikusanya vyeti, na mtaa wao hauwajui. Kwenye kugombea utaombwa hela na watu unaowaheshimu. Kuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010. Isome mapema, uwe na daftari la kila shilingi.

Na kuna lile linalosemwa kwa mafumbo. Atakayekuambia jina lako litapita ukija kumwona usiku hotelini anaomba rushwa ya ngono, kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Usifute ujumbe wake. Mwambie mtaonana ofisi ya chama, saa za kazi, nawe uende na mwenzako. Namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113, haina malipo. Mwambie na mtu mmoja wa nyumbani, maana uvumi utakutangulia.

Ukitaka kusikiliza bila kusubiri mwaliko, TGNP, yaani Mtandao wa Jinsia Tanzania, kule Mabibo imekuwa ikiendesha semina za jinsia na maendeleo kila Jumatano kwa miaka mingi. Kaa na wanaharakati wa vituo vya taarifa na maarifa. Wale mama wanaijua bajeti ya kata kuliko sisi wawezeshaji.

Siku ya mwisho, kabla picha ya pamoja haijapigwa, chukua namba za washiriki watatu wa vyama visivyo chako. Kundi la WhatsApp la semina huwa linajaa salamu za Ijumaa na matangazo ya mikoba, lakini hao watatu wapigie wewe mwenyewe, ndani ya wiki hiyo hiyo.