Kocha, mkono wangu umelegea: maswali yenu kuhusu nguvu za kiganja

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Ngarenaro hapa Arusha, nimepata kazi kwenye ofisi ya utalii na kazi yangu kubwa ni kupokea wageni pale uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA. Tatizo langu ni salamu. Mgeni akinipa mkono anaubana vizuri mi wangu umelegea kama mlenda, bosi nae kashaniambia nishike mkono wa mtu kiume. Nimenunua kile kimpira cha kuminya, naminya kila siku kwenye daladala lakini sioni mabadiliko. Nifanyeje? Kijana wa Ngarenaro.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kazi.

Tuanze na hicho kimpira maana wengi ndo mnakitegemea. Sio kibaya ila ugumu wake ni ule ule kila siku, misuli ikishauzoea unabaki unaminya tu bila faida, ndo maana huoni mabadiliko. Alafu kuna kitu watu hawakijui, misuli mikubwa inayokunja vidole haipo kwenye vidole wala kwenye kiganja, ipo huku juu kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, inavivuta vidole kwa kano ndefu zinazopita pale kwenye kifundo. Shika mkono wako wa kulia chini kidogo ya kiwiko afu kunja ngumi uone inavyocheza. Hapo ndo pa kupafanyia kazi, na dawa yake ni kubeba vitu vizito kwa vidole. Waangalie wale jamaa wanaopakua magunia soko la Kilombero, gunia wanalishika pembe tu na linanyanyuka, hakuna aliyepita jimu pale.

Kwa hiyo tafuta madumu mawili ya lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja, mzani hauhitaji. Anza na lita 10 kila dumu, tembea nayo uani mgongo ukiwa wima mpaka usikie vidole vinaanza kufunguka vyenyewe, weka chini, pumzika dakika 2 hivi, rudia mara 3 au 4. Siku ukiweza kutembea dakika nzima bila kuweka chini ongeza lita 2 kila upande, na uendelee hivyo hivyo, huko kuongeza kidogo kidogo ndo siri yote ya nguvu na ndo kitu ambacho kimpira hakikupi. Mpini wa dumu ni mwembamba unakata vidole, uzungushie kitambaa cha zamani uwe mnene, tena ukiwa mnene kidole gumba kinafanya kazi zaidi.

Ukiwa na bomba au tawi la mti lililo imara, ning'inia sekunde 15 mpaka 20, shuka, rudia. Na tofali la kuchoma usilipite hivi hivi, lishike kwa juu, gumba upande mmoja na vidole vinne upande wa pili, ulinyanyue na kulishikilia, maana gumba ndo linalosahaulika kuliko vidole vyote wakati kwenye salamu linashika nusu ya kazi. Suruali ya jinzi ukiifua ikamue mwenyewe, mara zungusha kulia mara kushoto. Halafu usisahau misuli ya kufungua vidole: vaa raba bendi kwenye ncha za vidole vyote vitano, vitanue, mara 15 au 20, inasaidia kiwiko kisije kikauma.

Fanya mara 3 kwa wiki, siku ya katikati upumzike. Hili nakusihi sana kwa sababu vijana mnapenda haraka, misuli inapata nguvu mapema lakini kano zinachelewa, ukilazimisha utapata maumivu ya kiwiko yatakayokukalisha miezi. Jipe wiki 6 mpaka 8.

Sasa salamu yenyewe. Naamini nusu ya tatizo lako sio nguvu kabisa, ni kwamba unatoa vidole tu mgeni anavikamata kabla mkono haujafika. Ingiza mkono mpaka lile bonde la kati ya gumba na kidole cha shahada ligusane na la kwake, ndo ufunge vidole. Kifundo kisikunjwe kwa ndani, jaribu sasa hivi kukunja kifundo kwa ndani huku umekaza ngumi uone nguvu inavyopotea, kikiinuka kidogo kwa nje inarudi yote. Sekunde 2 au 3, mtazame usoni, achia. Kama mikono inatoka jasho weka leso mfukoni ujifute kabla mlango wa wageni haujafunguka.

Na usije ukaniharibia watu. Kuna wageni wazee wenye baridi yabisi na pete vidoleni, ukibana unaumiza. Na nyumbani pia, mzee unampa mkono wa kulia huku wa kushoto umeushikilia huo wa kulia, umeinama kidogo, pale hakuna kubana, ni heshima.

Kingine nataka ukijue usione hii ni mambo ya salamu tu. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la The Lancet lilitoa utafiti wa watu karibu 140,000 wa nchi 17, waliopimwa nguvu za kiganja na kufuatiliwa kwa miaka, na nguvu hiyo ilionyesha nani yuko kwenye hatari ya kufa mapema kuliko hata kipimo cha presha. Haimaanishi ukibeba dumu hutaumwa, ila kiganja kinasema habari za mwili mzima.

SWALI: Habari kocha, mi fundi cherehani hapa Kiboriloni, Moshi. Usiku mkono wa kulia unakufa ganzi, gumba na vidole viwili vinavyofuata, naamka naukung'uta. Mkasi nao siku hizi unaniponyoka. Mume wangu anasema niminye mpira nipate nguvu.

JIBU: Dada yangu, hapana, huo mpira uweke pembeni kwanza. Unavyoeleza inaelekea kuna neva inabanwa pale kwenye kifundo, ile inayopita na zile kano, na kuminya kunaweza kuzidisha. Nenda hospitali, Mawenzi au KCMC, wakupime, uwaambie ni vidole gani hasa na kwamba inazidi usiku, na waulize kuhusu kisukari, tezi ya shingo, au kama una mimba, vyote vinaweza kuileta. Mara nyingi mwanzoni wanakupa kifaa cha kuvaa usiku kinachonyoosha kifundo, kuna wanaopona kwa hicho tu. Usikae nayo, ikikaa sana nyama ya chini ya gumba inanyauka na kuirudisha ni kazi. Wakati unasubiri, ukiwa kwenye mashine simama kila baada ya muda ulegeze mikono.

SWALI: Baba yangu ana miaka 67, yuko Marangu, siku hizi hata kifuniko cha chupa hafungui. Bado mazoezi yatamfaa?

JIBU: Yanamfaa sana, misuli inaitika mazoezi hata uzeeni. Mwanzishie kidumu cha lita 3 kila mkono, atembee nacho uani, na awe anaingiza mkono kwenye sado ya mahindi, anafumba na kufumbua vidole humo humo. Aongeze na kukaa na kusimama kwenye kiti bila kujishika, na mayai, maharage na maziwa visikosekane, mzee asishindie ndizi peke yake. Ila mkono ukiwa umelegea ghafla, upande mmoja, na mdomo ukaenda upande au maneno yakawa hayaeleweki, hicho ni kiharusi, msisubiri kesho, tafuteni gari muda huo huo mumpeleke hospitali.