Skrini ya fokasi: upande upi utazame chini?

Ndugu, umesema umenunua kamera iliyotumika ya filamu ya 120 (filamu pana ya roli), ukalenga macho, picha ikatoka kali kwenye masikio. Kabla hujailaumu lenzi, chunguza skrini ya fokasi, kile kibao chenye uso mmoja wa ukungu unachotazama unapolenga. Dalili hiyo inaweza kuwa ya skrini iliyogeuzwa juu chini.

Umbali kutoka lenzi hadi kwenye ule uso wenye ukungu, kupitia kioo cha kuakisi, lazima ulingane na umbali hadi kwenye filamu. Katika kamera nyingi za aina hii uso huo hutazama chini, kwenye kioo. Ukiugeuza unapanda kwa unene wa skrini, nawe unarudisha lenzi nyuma kuufuata. Filamu inabaki ilipokuwa.

Inamishe skrini chini ya taa: upande unaong'aa utaakisi taa, wenye ukungu hautaakisi. Shika kingo tu, na usiguse spiriti, maana skrini nyingi ni za plastiki na mikwaruzo haifutiki. Vumbi lipulizie kwa pampu ya mpira. Vile vibati vyembamba vya pembeni usivitupe! Ndivyo vinavyopanga kimo.

Ukimaliza kufunga, fungua tundu la lenzi hadi mwisho na utazame kitu cha mbali sana, mnara kwa mfano. Pete ya fokasi ikifika alama ya umbali usio na mwisho na kitu hicho bado hakijawa kikali, huenda skrini bado iko juu mno. Kama mgongo wa kamera unafunguka, weka plastiki yenye ukungu kwenye reli za filamu, shata ikiwa B (inabaki wazi ukiwa umeibonyeza), ulinganishe ukali wa hapo na wa skrini.